Pete Zinazooana

Chanda chema huvikwa pete. Neno chanda, ambalo katika lahaja za kaskazini mwa pwani ndilo kidole, huenda lisingalifika katika madarasa ya bara lau si methali hii na ule msemo wa chanda na pete. Mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba mwenye mwenendo mwema hapungukiwi na tuzo, na akishaipata maana hiyo ya ndani, aghalabu haitazami tena ile ya nje. Hali kitenzi chenyewe kina neno la kusema. Huvikwa ni kauli ya kutendwa. Chanda hakijivishi pete. Kipo chanda kingine kinachovisha, na methali imekiacha hicho bila ya kukitaja wala kusema iwapo nacho kimevikwa.

Kipo kitenzi kingine kinachofaa kuwekwa kando ya hicho, nacho ni oana. Watu wawili huoana mbele ya kasisi, kadhi, msajili au wazee. Rangi mbili nazo huoana, na kadhalika shati na suruali, kikombe na kisahani chake. Kiswahili kimeona neno moja latosha kwa yote hayo. Kisa cha mwalimu mmoja kijana wa kaunti ya Machakos kinahusu maana hizi mbili, na jinsi alivyokaribia kuipigania moja hata akaisahau nyingine.

Mwalimu huyo, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, alikuwa amekwisha kuifundisha methali ya chanda chema kwa miaka minne pale alipovikwa pete yeye mwenyewe. Ilikuwa pete ya jiwe moja: mzunguko mwembamba wa dhahabu ya manjano wenye upana wa milimita 2, na juu yake almasi isiyotimia robo ya karati, iliyoshikwa kwa kucha sita. Mchumba wake, muuguzi katika hospitali moja ya umma, aliinunua kwa akiba aliyoiweka chamani kwa muda wa miaka miwili. Siku ya Jumatatu ilipoingia katika chumba cha walimu, pete hiyo ilipita mikononi mwa watu kumi na mmoja kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Vumbi la chaki lilijaza vijipenyo vya chini ya jiwe kwa wiki moja tu, na kucha zake zikazoea kunasa nyuzi za sweta. Hata hivyo, hakuivua.

Arusi ilipangwa kufanyika mwezi wa Disemba. Ilipofika Septemba, swali lililoulizwa na kila mtu, kuanzia shangazi zake hadi mshonaji wa gauni, lilikuwa moja: pete ya ndoa itakuwa ipi itakayooana na ile ya uchumba?

Swali hilo halikuwa jepesi kama linavyosikika, kwa sababu pete ya jiwe moja haikubuniwa ili iishi na jirani. Kwa karne nyingi vito vingi vilizamishwa ndani ya madini ya pete, vikaonekana uso wa juu tu. Mwaka wa 1886 kampuni ya Tiffany ya New York ilitoa pete ambayo jiwe lake liliinuliwa juu ya mzunguko kwa kucha sita, ili mwanga uingie kutoka pande zote. Umbo hilo ndilo lililoenea duniani, na uzuri wake wote umo katika upweke: jiwe husimama peke yake, pasi na kitu kingine cha kulizuia jicho. Wakati huo almasi zilikuwa zimekwisha kuacha kuwa adimu kama zamani, kwa kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1860 zilikuwa zikichimbwa kwa wingi Afrika Kusini. Kampuni ya De Beers iliundwa huko mwaka wa 1888. Mnamo mwaka wa 1947 mwandishi wa matangazo wa Kimarekani, Frances Gerety, aliitungia kampuni hiyo kauli kwamba almasi ni ya milele. Mwaka huohuo wa 1947, huku kwetu Afrika Mashariki, mgodi wa Mwadui katika eneo la Shinyanga ulitoa almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo mwenye mgodi, John Williamson, alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Ndiyo kusema kwamba desturi ambayo vijana wengi leo huidhania kuwa ya kale, kwa hakika ina umri unaokaribiana na wa babu zao.

Sheria nayo haiidai. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka wa 2014 inazitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na haikuifanya pete kuwa sharti la ndoa yoyote kati ya hizo. Lakini kuna yanayotakiwa na sheria na kuna yanayotakiwa na macho ya watu, na mwalimu yule alikuwa akiyaogopa zaidi haya ya pili.

Jumamosi moja alfajiri alipanda matatu pamoja na mama yake wakaelekea Nairobi. Mchumba alikuwa na zamu ya mchana, kwa hivyo asingeweza kuandamana nao. Wiki moja kabla ya hapo, hata hivyo, alikuwa amepita dukani kwa sonara na kuacha malipo ya awali. Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba katikati ya jiji, lenye kaunta ya kioo, mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo na feni iliyozunguka polepole. Sonara, mzee aliyekirithi kiti hicho kutoka kwa baba yake, aliipokea pete ya uchumba, akaitia chini ya kioo cha kukuzia, akaigeuza.

"Mia saba na hamsini," akasema. "Hii ni karati kumi na nane. Mwalimu, bwana wako hakukudanganya."

Akaeleza huku akiitelezesha pete nyingine ubavuni mwa ile ya kwanza. Dhahabu safi huhesabiwa kuwa karati 24, lakini ni laini mno kwa matumizi ya kila siku, hivyo huchanganywa na shaba, fedha au madini mengineyo. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000, na ndiyo maana hugongwa muhuri wa 750. Ile ya karati 14 hugongwa 585, na ya karati 9 hugongwa 375. Kadiri mchanganyiko unavyoongezeka ndivyo umanjano unavyopungua. Kwa sababu hiyo, anayetaka pete mbili za kukaa kidole kimoja hushauriwa achukue karati ileile, rangi ileile na upana unaokaribiana, kwa kuwa pete zinazogusana husuguana mchana kutwa, na iliyo laini ndiyo inayolika.

Halafu likaja tatizo la umbo. Kitako cha jiwe kilikuwa kimeshuka na kutokeza nje ya ukingo wa mzunguko, hata pete nyoofu ikiwekwa kando yake ilisukumwa, ukabaki mwanya wa upana wa punje ya mchele. Sonara alitaja njia nne. Ya kwanza ni kuuacha mwanya ulivyo na kuuzoea. Ya pili ni kuziunganisha pete zote mbili kwa kulehemu, ziwe kitu kimoja kisichozunguka wala kuachana. Lakini siku mwenye nayo akitaka kuvaa moja, hataweza. Ya tatu ni kuliinua jiwe juu zaidi, jambo ambalo lingezidi kulifanya linase nguo. Ya nne ni kutengeneza pete iliyopindwa kiunoni, yenye kijipinde cha kulikumbatia jiwe.

Akaitoa hiyo ya nne kutoka kwenye trei ya mahameli. Ilikuwa na almasi ndogondogo saba zilizojipanga kwenye kijipinde, na ilipowekwa karibu na ile ya uchumba, zilishikamana kama kwamba zilizaliwa pamoja. Mwalimu alinyoosha mkono akautazama kwa muda mrefu. Akaivua ile ya uchumba ili aione hii nyingine pekee. Bila ya jiwe la kulikumbatia, pete ya ndoa ilionekana kama kitu kilichokanyagwa. Aliirudisha ya uchumba upesi, na uzuri ukarejea.

"Hii ndiyo," akasema.

Mama yake hakusema neno. Sonara aliiweka pete kwenye mizani: gramu 4. Akaandika bei, akatoa malipo ya awali, akafungua kitabu cha risiti. Kiasi kilichosalia kilikuwa karibu fedha yote waliyoitenga wachumba kwa ajili ya pete.

"Na ya bwana ni hii," akaongeza sonara bila ya kuinua kichwa. "Alikwisha kuichagua wiki iliyopita. Ya chuma cha pua. Alisema ya bibi arusi iwe yoyote atakayoipenda, na kitakachobaki kiitoshe hii."

Akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa pete safi, ya kijivu, nyepesi, isiyo na muhuri. Bei yake haikufika ya gauni moja la mtumba.

Si kwamba chuma ni aibu. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza kwamba hata katika zama zake mwanamke aliyeposwa alipelekewa pete ya chuma isiyo na jiwe. Wapo pia wanaume wengi wanaoichagua pete ya chuma kwa kuipenda tu. Kilichomchoma mwalimu hakikuwa chuma. Kilikuwa ni kule kuhesabu. Mtu alikuwa amesimama mahali hapa wiki moja kabla, akapiga hesabu yake akianzia na chanda cha mwenzake, kisha akachukua salio. Na yeye, kwa muda wa miezi mitatu aliyoulizwa na kila mtu na kujiuliza mwenyewe ni pete gani itakayooana na ile ya kwanza, hakuwahi kuuliza hata mara moja itaoana vipi na ile itakayovaliwa na mumewe.

"Mama," akasema mwishowe, "hivi pete yako wewe ilipotelea wapi? Nilidhani ilikuponyoka shambani."

Mama alivitazama vidole vyake kana kwamba ndiyo kwanza avione.

"Haikupotea, mwanangu. Ilikwenda shule."

Sonara alicheka kidogo, kisha akanyamaza alipoona kwamba si mzaha. Mama alieleza kwa maneno machache, kama asimuliaye habari za jirani. Mwaka wa 2011 baba aliachishwa kazi kiwandani mwezi uleule bintiye alipoitwa kujiunga na kidato cha kwanza. Pete ya mama iliuzwa kwa mnunuzi wa dhahabu, ambaye aliipima, akalipa thamani ya madini na kuiacha kazi ya fundi isilipwe chochote. Fedha hizo zilitosha karo ya muhula wa kwanza.

"Baba yako alipokiona kidole changu ki kitupu, hakusema kitu. Muhula wa pili ulipofika, ya kwake ikaifuata yangu." Akavuta pumzi. "Tangu siku hiyo vidole vyetu vinafanana."

Feni ilizunguka. Nje, tauti wa matatu alikuwa akiita abiria. Mwalimu aliitazama pete ya kijipinde na ile ya chuma, moja kila upande wa kitabu cha risiti, kisha akauliza swali ambalo wateja wa pete za jiwe moja hawaliulizi sana: dhahabu iliyomo katika hii yangu yaweza kutoa pete mbili?

Sonara aliweka kalamu chini. Swali hilo lilikuwa la hesabu, na hesabu ilimfurahisha. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu safi. Gramu hizohizo 3 zikichanganywa hadi kufika karati 9 hutoa gramu 8 za madini ya pete. Gramu 3 zingetosha pete nyoofu ya mwanamke, na gramu 5 ile ya mwanamume. Bei ya almasi saba zilizoachwa ingelipa ufundi na mchanganyiko, tena ingesalia kidogo.

"Lakini nikwambie ukweli, Mwalimu," akaendelea. "Karati tisa ni dhahabu iliyopauka kidogo. Ina shaba na fedha nyingi, hivyo itahitaji kung'arishwa mara kwa mara. Ukiivaa bega kwa bega na hii ya mia saba na hamsini, rangi hazitaoana, na mwanya utakuwepo. Usije ukarudi kunilaumu."

"Hazitakaa bega kwa bega," akajibu. "Hii ya jiwe nitaihamishia mkono wa kulia. Ilitengenezwa isimame peke yake. Basi na isimame."

Halikuwa jambo geni. Wapo maarusi wanaoihamisha pete ya uchumba mkono wa kulia asubuhi ya arusi ili ile ya ndoa itangulie kuingia kidoleni, kisha wakairudisha baadaye. Yeye aliamua tu kwamba haitarudi. Tena alikuwa mwalimu mwenye kushika chaki kwa mkono wa kulia, na alijua kwamba siku nyingi za juma jiwe hilo lingebaki nyumbani ndani ya kijisanduku chake. Pete ya ndoa ingekuwa na siku nyingi za kuonekana pasi na jirani, na pete iliyopindwa kwa ajili ya jirani haiwezi kusimama siku hizo.

Kabla risiti haijaandikwa upya, alitoka nje akampigia mchumba wake simu. Mazungumzo hayakuwa mepesi. Muuguzi alisema kwanza kwamba pete ni pete, kwamba yeye kutwa hutia mikono katika sabuni na dawa, na kwamba chuma cha pua hakishiki kutu. Alipoona kuwa maneno hayo hayamtoshelezi mwenzake, ndipo akalisema lililokuwa moyoni.

"Watu watasema nilikuvisha dhahabu hafifu. Shangazi zako wataigeuza watafute muhuri. Mimi sitaki uaibike kwa ajili yangu."

"Shangazi zangu wataigeuza siku moja," akajibu. "Wewe utaiona kila siku. Je, ningekaa mezani nawe miaka yote hiyo nikiona kwamba ulijihesabu mwisho?"

Upande wa pili ukawa kimya, zikasikika tu nyayo za watu kwenye ukumbi wa hospitali. Hatimaye akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekubali lakini hajaridhika, iwapo ile ya chuma ingeweza kurejeshwa. Akajibiwa kwamba haikuwa imelipiwa. Akauliza kipimo cha kidole chake kilikuwa nambari gani, maana alikuwa amekisahau. Akaambiwa sonara alikwisha kukiandika. Basi wakacheka, na zamu ikamwita.

Alirudi ndani. Sonara aliandika: pete mbili nyoofu, zisizo na jiwe, karati 9, za manjano, kutoka katika kipande kimoja cha dhahabu. Aliahidi kwamba angeuyeyusha mchanganyiko wote kwa pamoja, auvute, aukate vipande viwili, kila kimoja akizungushe kwenye mti wa kupimia na kuunga ncha zake, ili rangi ya moja isipishane na ya pili hata kidogo. Na salio, ambalo halikuwa kubwa, mwalimu alilisukuma kimyakimya mkononi mwa mama yake. Mama alilikataa mara mbili, akalipokea mara ya tatu, akasema litasaidia nauli za wageni kutoka kijijini.

Mtu aweza kuuliza ni hasara gani iliyokuwepo, hata kama mambo yangeachwa yalivyo. Hakuna ndoa iliyovunjika kwa sababu ya pete ya chuma. Pengine wangeishi kwa furaha, naye mume asingelikumbuka lile salio. Lakini mazoea ya ndoa huanza kabla ya ndoa. Anayezoea kuchukua kinachobaki hulizoea pia lile la kutosema, na anayezoea kupewa kilicho bora huzoea kutouliza kimetoka wapi. Hayo mawili yakiisha kuota mizizi, hakuna sonara wa kuyalehemu. Siku ile katika duka jembamba jambo hilo lilionekana mapema, likiwa bado ni pete tu, na likiwa bado lapimika kwa gramu.

Disemba ikafika. Kanisani, kasisi alipoziinua pete mbili juu ya kitabu chake, zilikuwa na rangi moja, iliyopauka kidogo, kama ya mahindi mabichi. Bwana arusi alimvisha bibi arusi, na bibi arusi akamvisha bwana arusi. Kila mmoja kwa zamu yake akawa mvikaji na mvikwaji. Almasi ilikuwa mkono wa kulia, peke yake, ikishika mwanga wa dirishani.

Shangazi mmoja aliyeketi safu ya pili aliinama mbele. Alikuwa ameitazama mikono ya bibi arusi tangu alipoingia.

"Mbona pete zake hazioani?" akanong'ona.

Mama wa bibi arusi hakugeuka. Alikuwa ameketi na mumewe, mikono yao juu ya kitambaa kimoja cha kitenge, vyanda vyao vikiwa vitupu.

"Zimeoana," akasema. "Tazama mkono wa bwana arusi."